Majani Matatu ya Mgomba

Kazi yangu ni kusema uongo. Nina studio ya picha hapa Kayanga, karibu na stendi, na watu huniletea nyuso zao niziongopee: niondoe chunusi, nipunguze kitambi, nimfumbue macho bwana harusi aliyesinzia. Kwa hiyo uongo naujua kama mpishi anavyoijua chumvi. Haya ninayokusimulia hayana hata chembe yake. Niamini, kama ningeyatunga mwenyewe ningejipa sehemu nzuri kuliko hii niliyo nayo.

Wala usijiandae kwa usiku wa giza na mbwa wanaobweka. Yalinikuta mchana, saa nane, watu wanakula ndizi na maharage.

Yalianza siku ya Jumanne, alipoingia studio Mzee Projestus wa Kihanga. Ni mtu wa miaka kama sitini, mpole, mkulima wa kahawa, tena mtu wa kanisani. Alikuwa amebeba picha imefungwa kwenye gazeti, ikiwa bado na alama ya msumari ilikoning'inia miaka yote. Ilikuwa picha ya mazishi ya baba yake.

Hebu nikueleze picha hiyo, maana sasa hivi hakuna mwingine awezaye kukueleza. Watu husema picha za zamani ni nyeusi na nyeupe. Ziangalie vizuri. Nyeusi ni chache, nyeupe ni kidogo, na vingine vyote ni majivu. Mvua ilikuwa imenyesha siku ile, hata migomba ya nyuma ilikuwa ya majivu, imeinama. Katikati jeneza, limefunuliwa upande wa kichwa, na marehemu amezungushiwa lubugo, nguo yetu ya magome. Nyuma yake mjane amebeba mtoto mgongoni. Mtoto huyo ndiye Mzee Projestus mwenyewe. Kulia wanaume wanne wenye makoti yasiyowatosha, na mzee mmoja ameshika mkuki ncha ikiangalia chini. Hakuna anayelia. Nilivyoona mimi, walikuwa wamekwisha kulia, na sasa wanamngoja mpiga picha amalize ili wamfukie mtu wao. Ukiitazama sana picha ile, unasikia baridi ya ile mvua.

Na kushoto, kichwani kabisa mwa jeneza, alisimama msichana wa miaka kama kumi na moja, peku, nguo yake imelowa magotini. Mkono wake wa kulia aliuweka juu ya ukingo wa jeneza. Katika watu wote wale, yeye peke yake aliangalia kamera.

"Nataka uitie rangi," Mzee Projestus aliniambia. "Jumamosi tuna misa ya kumbukumbu ya baba, na baada ya chakula ukoo utakaa kugawa kibanja, shamba lake la migomba. Na huyu mtoto mtoe."

"Ni nani huyu, mzee?"

"Mtoto wa jirani. Watoto wa zamani walikuwa wanajipenyeza kwenye picha."

Nikamtazama marehemu. Nikamtazama msichana. Paji la uso lilikuwa lile lile, pana, na mfinyo mdogo katikati ya nyusi. Mtu anayeshinda akitazama nyuso hawezi kuukosa ufanano huo. Na kwetu huku watoto wa jirani hawapangwi kichwani mwa jeneza. Wazee walipanga watu kwenye picha ya msiba kwa haki zao, na anayeweka mkono juu ya jeneza ni mtu mwenye neno katika kibanja. Hayo yote niliyajua. Nikasema, "Sawa mzee, njoo Ijumaa." Unafikiri ni kwa nini? Sikuwa na shida wala sikutishwa. Nilitaka tu kuona kama naweza kuifanya kazi hiyo isijulikane. Ni majivuno, hakuna jina lingine.

Niliiingiza picha kwenye kompyuta, naye akaondoka na picha yake siku ile ile.

Jumatano mchana nikaanza. Rangi haikunisumbua. Lubugo nililipa kahawia yake ya kutu, majani nikayapa kijani, kitenge cha mjane nikakibahatisha. Kisha nikamfuta msichana. Mahali pake niliweka majani matatu ya mgomba niliyoyanakili kutoka upande wa kulia, na moja lilikuwa limechanika kwa upepo sehemu tatu, kama kitana kilichovunjika meno. Mkono ndio ulionitoa jasho. Kila nikiufuta, kivuli cha vidole vinne kilibaki ukingoni mwa jeneza. Nilikifuta mara tatu. Mara ya tatu kikaondoka, na hapo hapo umeme ukakatika.

Betri ya kompyuta yangu ni mgonjwa wa siku nyingi, ilikuwa inakaribia kuzima. Kwa haraka nikahifadhi kazi yangu juu ya picha ile ile ya mwanzo. Nakala nyingine sikuwa nayo. Kila fundi picha hufundishwa siku ya kwanza kwamba picha ya mwanzo haiguswi, unafanyia kazi nakala. Nimewafundisha wengine sheria hiyo mimi mwenyewe. Nilishusha pumzi, nikaenda kunywa chai.

Ijumaa Mzee Projestus alipita kuitazama, akaridhika, akaniomba Jumamosi niende mwenyewe na kamera kupiga picha za shughuli. Nikaenda Kihanga kwa bodaboda, fremu nimeikumbatia ndani ya kitenge. Kulikuwa na manyunyu na ukungu haujaondoka, lakini mji wa Mzee Projestus ulikuwa umechangamka. Kina mama wanamenya ndizi, turubai limefungwa, watoto wana nguo za sikukuu. Picha ikatundikwa sebuleni kwenye msumari wake wa zamani, na wazee wa ukoo wakapita mmoja mmoja kuisifia. Mmoja wao, mzee kuliko wote, alisimama pale muda mrefu akinyoosha kidole upande wa kushoto.

"Nilidhani hapa palikuwa na..." alisema. Kisha akafikicha macho. "Uzee nao. Imependeza, binti. Imependeza sana."

Niliondoka kwenda kunawa nyuma ya jiko. Huko ndiko nilikomwona.

Alikuwa ameketi juu ya jamvi, ameegemea ukuta wa kibanda kidogo, bibi wa miaka sabini hivi. Nilidhani amemwagikiwa na majivu. Nikasogea. Hayakuwa majivu. Kanga yake haikuwa na rangi. Sisemi ilichakaa, kanga hata ikichakaa vipi huwa na wekundu fulani kwenye pindo, au unjano uliofifia. Hii ilikuwa na maua ya majivu juu ya majivu. Mikono yake ya majivu. Ulimi wake, alipolamba midomo, wa majivu. Nyuma yake migomba ilikuwa ya kijani na udongo mwekundu kama kawaida, na yeye katikati kama aliyekatwa kutoka kwenye picha ya zamani akabandikwa pale. Ningekimbia. Lakini nimelelewa, na mtu mzima nimemkuta amekaa.

"Shikamoo, bibi."

Aligeuka kuangalia nyuma yake, kuona ninayemsalimia ni nani. Hakukuwa na mtu.

"Unanisalimia mimi?"

"Wewe, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba. Marahaba." Alirudia mpaka sauti ikamkatika, kisha akalia. "Tangu Jumatano hakuna aliyenisalimia kwenye mji huu. Nilidhani nimewakosea. Nimeomba radhi nyumba nzima, mpaka kwa wakamwana. Bojo, tafadhali, nikawaambia, nisameheni hata nisilolijua. Wananipita. Naenda mwenyewe kwenye chungu najipakulia, mtu ananizunguka kama anavyozunguka kinu."

"Jumatano saa ngapi, bibi?" Nilimuuliza, ingawa jibu nilikuwa nalo.

"Umeme ulipokatika. Redio ya mke wa Projestus ilinyamaza, na watu nao wakaninyamazia."

Nikamtazama paji la uso. Pana, na mfinyo katikati ya nyusi.

Jina lake aliniambia ni Kokugonza, binti wa marehemu kwa mke wa kwanza, aliyekufa mapema. Baba yake alijua kwamba mtoto wa kike asiye na mama hana mtetezi siku ya kugawa kibanja. Alipougua akamwita mpiga picha wa misheni, akamwagiza kabla hajafa. "Alisema siku ya kuzikwa kwake nisimame kichwani, niweke mkono juu ya jeneza, nipigwe picha, iwekwe ukutani ambapo kila mtu ataiona. Ili asije mtu akaniondoa. Niliolewa, nikaachika, nikarudi. Nimekaa kwenye kibanda hiki miaka mingi. Kila wakitaka kunitoa, mzee mmoja anaonyesha ile picha, wanakaa kimya. Na mimi sitaki shamba, mwanangu. Nataka nikifa nilazwe pale kwa baba." Akanionyesha kaburi, hatua thelathini ndani ya migomba.

Wakati huo akatokea Ma Adela, mke wa Mzee Projestus, na karai la maji machafu. Akayamwaga pale pale kando ya jamvi. Maji yakamrukia bibi miguuni.

"Ma Adela, unamlowesha bibi," nikasema.

"Bibi yupi?"

"Huyu hapa."

Alitazama jamvi, akanitazama mimi. "Jua halijatoka na limeshakuchoma, dada? Njoo ule."

Nilikuwa na kamera shingoni. Nikampiga bibi picha, ili nimwonyeshe Ma Adela. Nikaangalia kioo cha nyuma ya kamera. Jamvi lilikuwepo. Ukuta wa kibanda ulikuwepo nusu. Na mahali alipoketi bibi palikuwa na majani matatu ya mgomba, moja limechanika sehemu tatu. Yalikuwa majani yangu. Ningeyatambua popote, nilishinda nayo mchana mzima.

Unajua nilifanya nini? Nilienda nikala. Ndiyo. Nilikaa na sahani magotini nikameza tonge moja moja, kwa kuwa sikujua kitu kingine mtu anachoweza kufanya. Kisha nikamvuta Mzee Projestus pembeni.

"Mzee, naiomba ile picha ya zamani. Mara moja tu."

"Ile? Ma Adela aliwashia moto jana. Si tuna mpya?"

"Na dada yako je? Bibi Kokugonza?"

Nilimkodolea macho nimwone anavyodanganya. Ninawajua waongo, ni wateja wangu, tena ni ndugu zangu wa kazi. Mtu akidanganya kuna kitu hukaza chini ya jicho. Kwake hakikukaza kitu.

"Dada?" akasema kwa upole. "Mimi nilizaliwa peke yangu, binti. Baba hakuacha mtoto wa kike."

"Lakini wewe mwenyewe uliniambia nimtoe mtoto kwenye picha."

"Mtoto gani? Nilikuambia utie rangi."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Yule mtu aliyekuja studio Jumanne na hila yake hakuwepo tena. Nilikuwa nimemfuta na yeye. Katika dunia yote dhambi ile ilikuwa imebaki na mtu mmoja wa kuikumbuka, na ni mimi.

Kabla sijaondoka nilirudi nyuma ya jiko nikamwambia bibi ukweli wote. Nilipiga magoti. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Basi nirudishe," akasema. Kama vile mtu amechukua kijiko cha jirani.

Nilijaribu, Mungu ni shahidi. Niliitafuta picha ya mwanzo kwenye kompyuta, nikampelekea kompyuta hiyo fundi wa Bukoba aliyesifiwa, akaniambia haipo, kazi mpya imehifadhiwa juu yake ikaifuta. Nilijaribu kumpiga bibi picha upya mara nyingi, kila mara majani. Mwishowe nilichukua msichana kutoka picha nyingine ya zamani, nikamlowesha nguo magotini, nikamweka mkono juu ya jeneza, nikambadilisha paji la uso kwa kukumbuka. Nikamwomba Mzee Projestus anikabidhi picha yake nirekebishe rangi, nikatundika hiyo ya kwangu mahali pake. Kisha nikamwita bibi aingie sebuleni atazame.

Alisimama mbele yake muda mfupi.

"Huyu simjui," akasema. "Umeniletea mtu mwingine asimame mahali pangu."

Nikaishusha mwenyewe, nikairudisha ile ya majani. Kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya, na niliivunja vipande nyuma ya jiko.

Tangu hapo nilikwenda Kihanga kila Jumapili baada ya misa. Nilimpelekea sabuni, chumvi, sukari, na mazungumzo, maana alisema njaa ya maneno ni mbaya kuliko ya chakula. Alinifundisha kumenya ndizi haraka. Alinicheka ninavyozungumza Kinyambo cha mjini. Alikuwa na utani mkali, bibi yule. Siku moja aliniambia faida ya kutoonekana ni kwamba amesikia yote wakamwana wanayosema kuhusu mama mkwe wao, na kwamba mengi ni kweli. Watu wa mji walizoea kuniona nimekaa kwenye jamvi tupu nikicheka. Walinionea huruma. Walisema fundi picha wa Kayanga ameguswa kichwa, lakini hana ubaya.

Kibanja kikagawiwa. Kibanda chake kikaonekana ni banda tupu linalokula nafasi ya migomba, na siku ya kukibomoa aliketi ndani mpaka walipong'oa paa. Mimi nilipiga kelele. Wakanishika kwa upole, wakaniketisha, wakaniletea maji. Baada ya hapo alilala jikoni, karibu na majivu ya moto, na ukimtazama pale ilikuwa shida kujua mwisho wa majivu ni wapi. Alikohoa. Nilimwomba nimpeleke Kayanga nikae naye. "Nikitoka hapa," akasema, "nitakuwa nimejiondoa mwenyewe."

Alikufa wakati wa senene, panzi wetu wa kuliwa, Jumapili asubuhi. Watu wote walikuwa nje wanawafukuza kwenye nyasi, wanacheka. Nilimkuta jikoni amejikunja, baridi, na Ma Adela anakaanga senene hatua mbili kutoka miguuni mwake. Nilikaa chini nikalia kwa sauti. Ma Adela aliacha kazi akaja akanishika bega, akaimba polepole wimbo wa kubembeleza mtoto. Hakuniuliza ninamlilia nani.

Nilikuwa nimeshanunua lubugo, maana aliniomba. Nilimfunga mwenyewe. Kisha nikaenda kwa Mzee Projestus, nikamwamkia, nikamwambia ukweli: "Shikamoo, baba. Naomba jembe. Dada yako amefariki, nataka kumlaza pale kwa baba yenu."

Nilijua anachofikiri, kwamba mgonjwa wa akili habishiwi. Angeweza kunifukuza kwenye shamba lake, na hakuna ambaye angemlaumu. Akaenda akachukua majembe mawili.

"Mikono yako ni ya kamera," akasema. "Wewe utachimba mpaka lini?"

Tukachimba pamoja, kichwani mwa kaburi la baba yake, tangu saa tano mpaka saa tisa. Nawaza sana juu ya saa zile. Mtu yule yule aliyetaka dada yake aondolewe alivua shati, akashuka ndani ya shimo, akazinyoosha kuta kwa ustadi, kwa ajili ya kichaa mmoja wa Kayanga. Wema wake ulikuwa wa kweli. Hila yake pia ilikuwa ya kweli. Mpaka leo sijui nimchukie kwa ipi, na kwa upande wangu sina haki ya kumchukia mtu.

Shimo lilipofika kifuani, manyunyu yakaanza. Nikamwambia, "Baba, nisaidie kubeba." Nikamrudisha jikoni, nikashika lubugo upande wa miguu, nikamwonyesha pa kushika yeye. Alitabasamu kunifurahisha, akainama, akashika hewa kama mtu anayecheza na mtoto.

Kisha tabasamu likaondoka.

"Mbona ni zito?" akasema.

Tulimbeba hatua zote thelathini. Aliweka miguu taratibu, kama mtu aliyebeba maiti, maana mikono ilikuwa inajua ambacho macho hayakioni. Tulipomshusha alibaki amepiga magoti ukingoni, mvua inamwagikia mgongoni, akaanza kulia. Alilia kama mtoto aliyeamka akakuta nyumba haina mtu. "Kwa nini nalia?" aliniuliza. "Binti, niambie, kwa nini nalia?"

Nilimwambia. Nilimwambia jina la dada yake, na mkono juu ya jeneza, na Jumanne, na Jumatano. Alisikiliza kila neno. Nikimaliza, ananiuliza tena, "Kwa nini nalia?" Halikukaa hata neno moja ndani yake.

Nikaweka kamera juu ya kisiki, nikaiacha ijipige yenyewe, nikaenda kusimama. Msiba wetu huku haufungwi bila picha.

Picha hiyo ninayo. Niliipiga kwa rangi, kwa kamera ile ile inayopiga harusi. Imetoka majivu. Migomba ya majivu imeinama, mvua ya majivu, Mzee Projestus amepiga magoti hatazami kamera, mimi nimesimama miguuni na macho yamevimba. Hakuna majani matatu. Ndani ya shimo lubugo linaonekana, limefungwa vizuri. Na kichwani, juu ya ukingo wa udongo, kuna vidole vinne vidogo vya mtoto. Mkono tu. Mtu mwenyewe haonekani, na mimi nilimfunga mikono yote miwili ndani.

Tangu siku ile jicho langu la kushoto halioni rangi. Daktari wa macho amelimulika, amesema ni zima. Nikifumba la kulia, Kayanga nzima inakuwa msiba wa zamani: stendi, nyanya za sokoni, nguo za bibi harusi ninayempiga picha. Bado nafanya kazi, maana ni lazima nile, lakini kumwondoa mtu kwenye picha sifanyi tena. Wateja wananibembeleza, nimwondoe mume aliyeacha, nimwondoe mkwe asiyependwa. Nawaambia waende kwingine, na wanaenda, na wanapata. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mimi ni mmoja. Simu iliyomo mfukoni mwako inaweza kumfuta mtu kwa kidole kimoja, ukiwa unakunywa chai.

Kwa hiyo nisikilize. Nenda kwenye picha ya zamani iliyoko ukutani kwenu, hasa ile ya msiba. Usiwaangalie wa katikati, hao wana watetezi wao. Angalia pembeni. Ukiona jani limechanika namna moja mahali pawili, usiwaulize wenye nyumba. Watakujibu kwa moyo safi kwamba hapakuwa na mtu. Toka nje, zunguka nyuma ya jiko, na hata kama unaona jamvi tupu, sema shikamoo. Kisha simama kidogo, umpe nafasi ya kuitika.